Waliitwa Wakubali, Wakakataa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika darasa la siasa la jioni. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. – Mhariri.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mikutano. Nilipopewa kazi hiyo nilicheka kidogo, maana katika ukumbi huu hakuna mtu asiyejua mkutano ni nini. Sisi tumekaa mikutanoni mpaka viti vimetuzoea. Lakini kukaa mkutanoni ni jambo moja, na kujua mkutano una kazi gani ni jambo jingine kabisa.

Basi, badala ya kuwasomea kanuni ambazo kila mmoja wenu anazo nyumbani katika kijitabu, nimeona heri niwaeleze habari ya mkutano mmoja tu. Mkutano huo haukufanyika kwetu. Ulifanyika mwaka 1972 katika kijiji kiitwacho Felcsút, nchi ya Hungaria, si mbali sana na mji mkuu wa Budapest. Habari zake tunazijua kwa sababu siku zile walikuwapo watengenezaji wawili wa sinema na kamera yao: Bwana Gyula Gazdag, kijana aliyezaliwa mwaka 1947, na Bibi Judit Ember, aliyezaliwa mwaka 1935. Filamu waliyoitengeneza inaitwa kwa Kihungaria "A határozat", na maana yake ni "Azimio". Hakuna waigizaji ndani yake. Waliomo ni wakulima wenyewe na viongozi wenyewe, wakisema maneno yao wenyewe.

MASHAMBA YA HUNGARIA

Kwanza yatubidi tujue wale watu walitoka wapi. Hungaria ni nchi isiyo na bahari, nchi ya ngano, mahindi na nguruwe. Mpaka mwaka 1945 sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mikononi mwa makabaila na kanisa, na mkulima mdogo alikuwa kibarua katika nchi ya babu zake. Baada ya vita kuu ya pili mashamba makubwa yakagawanywa, na watu zaidi ya 600,000 wakapata ardhi. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini haikudumu. Kuanzia mwaka 1949 serikali ya Mátyás Rákosi ilianza kuwalazimisha wakulima waingie katika vyama vya ushirika. Asiyetaka alitozwa mazao mengi kupita kiasi, akaitwa adui wa wananchi. Mwaka 1953 Imre Nagy alipokuwa waziri mkuu, kamba ililegezwa na wengi wakatoka. Mwaka 1956 watu wa Hungaria waliinuka, na majeshi ya Urusi yakauzima mwamko huo. Kisha, chini ya János Kádár, kuanzia mwisho wa mwaka 1958 mpaka mwanzo wa mwaka 1961, wakulima wakaingizwa tena katika ushirika, na safari hii karibu wote.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba watu wa Felcsút hawakuwa watoto katika mambo haya. Mzee wa miaka hamsini aliyekaa katika mkutano ule wa mwaka 1972 alikuwa ameona kabaila, ameona kugawiwa ardhi, ameona ardhi ile ile ikichukuliwa, ikarudi, ikachukuliwa tena. Kila mara alikuwa ameambiwa kwamba jambo hilo ni kwa faida yake.

Hata hivyo, miaka ya 1960 mambo yalianza kutengemaa. Mkulima aliruhusiwa kuwa na kishamba chake mwenyewe, kama nusu hekta hivi, na kufuga wanyama wake. Mwaka 1967 ikatungwa sheria mpya ya ushirika wa kilimo, ambayo ilisema kwamba mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye madaraka ya juu katika ushirika. Tarehe 1 Januari 1968 ukaanza utaratibu mpya wa uchumi, na vyama vya ushirika vikapata nafasi ya kujiamulia mengi. Vingine vilifungua karakana na kazi za pembeni zisizo za kilimo, vikapata fedha. Wenyeviti hodari wakaanza kujulikana, na wanachama wao wakaanza kula vizuri.

Lakini penye asali nyuki hawakosi. Fedha zilipoanza kuonekana, na maneno yakaanza. Wakubwa wengine walisema wenyeviti hawa wamekuwa matajiri wapya, hawasikii, wanafanya biashara badala ya kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wengi wao walishtakiwa. Baadhi walikuwa na makosa ya kweli. Baadhi kosa lao lilikuwa kufaulu bila kuomba ruhusa. Hayo ndiyo yaliyokuwa hewani wakati kamera ilipoingia Felcsút.

MKUTANO KABLA YA MKUTANO

Sasa sikilizeni jinsi filamu inavyokwenda.

Hatuanzi na wakulima. Tunaanza na viongozi wa Chama cha kule, wakijitayarisha. Mwenyekiti wa ushirika wa Felcsút hawamtaki tena. Wameshaamua aondoke. Lakini kuna kikwazo kimoja: sheria. Sheria inasema mwenyekiti huchaguliwa na wanachama, na wanachama ndio wanaomwondoa. Basi kazi iliyobaki si kuamua. Kazi iliyobaki ni kuwafanya wanachama waonekane kama ndio walioamua. Hayo ndiyo wanayopanga, kwa utaratibu, kama watu wanaopanga kazi ya kawaida.

Na hayo yote wanayasema mbele ya kamera! Mtu anayeitazama filamu leo hushangaa: hawa watu hawakuona aibu? Jibu lake ndilo lililonifanya nije kuzungumza nanyi jioni hii. Hawakuona aibu kwa sababu hawakujua kwamba wanafanya jambo la aibu. Mwizi huzima taa. Wao hawakuzima taa, kwa sababu kwa fikira zao hawakuwa wakiiba kitu. Walikuwa kazini. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo mambo yalivyokuwa yakifanyika kila siku: Chama huamua, kisha mkutano huitwa, mikono huinuliwa, katibu huandika kwamba wanachama wamekubali kwa pamoja, na watu hurudi makwao.

Wala msidhani kwamba walikuwa watu wabaya kuliko watu wengine. Kama wangekuwa mashetani, filamu hii isingekuwa na mafunzo kwetu, maana sisi si mashetani. Walikuwa watumishi wa Chama, wengi wao bila shaka wakiamini kwamba wanakilinda kijiji. Hatari ni hiyo hasa. Mtu anayejua kwamba anadhulumu, siku moja dhamiri yake itamsuta. Lakini mtu anayedhulumu huku akiamini kwamba anatumikia, nani atamsimamisha?

MIKONO ILIPOKATAA KUINUKA

Kisha unafika mkutano mkuu. Ukumbi una wanachama, wakulima wa kawaida, watu wa kazi za mikono. Tuhuma zinatolewa. Maneno makubwa yanasemwa. Kwa desturi hapo ndipo shughuli inapokwisha.

Lakini siku ile wanachama wakaanza kusema. Hawakusema kama wasomi. Walisema kama watu wanaojua walichokuwa nacho jana na walicho nacho leo. Walimtetea mwenyekiti wao. Na ilipofika wakati wa kupiga kura, walikataa kumwondoa. Waliitwa wakubali, wakakataa.

Ndugu zangu, fikirieni uzito wa jambo hilo. Hii ilikuwa nchi ya chama kimoja, na watu waliokwisha kuona mwaka 1956 vifaru vya kigeni katika njia za mji wao mkuu. Hapakuwa na gazeti ambalo lingewatetea. Hapakuwa na chama kingine ambacho wangekikimbilia. Walikuwa na kitu kimoja tu: sheria iliyosema kwamba mkutano wao ndio mkubwa. Wakubwa waliichukua sheria hiyo kama pambo la ukutani. Wakulima wakaishusha ukutani wakaitumia.

Viongozi walibaki na mshangao. Na hapo, mimi naona, ndipo pana mafunzo makubwa kuliko yote. Kiongozi aliyeshindwa kwa kura ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kujiuliza: hawa watu wameona nini ambacho sisi hatukukiona? Njia ya pili ni kujiuliza: tulikosea wapi katika matayarisho? Njia ya kwanza inamfanya kiongozi awe mkubwa zaidi. Njia ya pili inamfanya awe fundi wa mitego. Wale wa Felcsút waliizoea mno njia ya pili, kwa hiyo ile ya kwanza hawakuiona hata ilipokuwa wazi mbele yao.

Tumezoea kuwaambia watoto wetu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini na mkuu asiyesikia la wengi, yeye huvunjika nini?

JE, KAMA MWENYEKITI ALIKUWA MWIZI?

Najua yuko mtu hapa ambaye swali limemkaa kooni. Atasema: Bwana, wewe unamsifu mwenyekiti, je, kama kweli alikuwa na makosa? Je, kama wanachama walidanganywa na ulimi wake mtamu? Je, Chama kikae kimya kitazame mali ya wananchi inaliwa?

Swali hilo ni zuri, na silikwepi. Mimi simsifu mwenyekiti. Sikuja hapa kumtakasa. Labda alikuwa hodari, labda alikuwa na kasoro, labda alikuwa vyote viwili kama walivyo watu wengi wenye bidii. Lakini angalieni: swali la Felcsút halikuwa kama mwenyekiti ni malaika. Swali lilikuwa, nani mwenye haki ya kumwambia "sasa basi"? Sheria ilisema ni wanachama, kwa sababu jasho ni lao, ardhi ni yao na hasara ni yao.

Kama alikuwa mwizi, dawa ya wizi inajulikana. Letani vitabu vya hesabu mezani. Waiteni wakaguzi. Mtuhumiwa asimame ajibu mbele ya watu. Wanachama waulize maswali mpaka wachoke. Mwizi wa kweli hawezi kuuvumilia mkutano wa namna hiyo. Lakini ukitaka kumwondoa hata mwizi kwa mkutano wa uongo, umefanya mambo mawili: umemfanya mwizi aonekane shujaa, na umewafundisha watu kwamba haki na hila ni kitu kimoja. Siku utakapokuja na tuhuma ya kweli, nani atakuamini?

FILAMU ILIYOFUNGIWA KABATINI

Hatuwezi kuiacha habari hii bila kusema filamu yenyewe ilipatwa na nini.

Gazdag na Ember walikuwa wakifanya kazi katika Studio ya Béla Balázs mjini Budapest. Studio hiyo ilikuwa mahali pa vijana wa sinema kujaribia kazi zao, na serikali ndiyo iliyotoa fedha. Mwaka 1969 vijana wa hapo walitoa tamko kwamba wanataka sinema ya kuchunguza maisha ya watu yalivyo, kama mtaalamu anavyochunguza, bila kupaka rangi. Gazdag mwenyewe alikuwa amekwisha tengeneza filamu fupi ya namna hiyo, juu ya kamati ya vijana wa kiwandani waliokuwa wakichagua bendi ya muziki. Jambo dogo kabisa. Lakini kwa kutazama jinsi kamati inavyochagua bendi, mtazamaji alijua jinsi nchi inavyoendeshwa.

Desturi ya studio ile ilikuwa hivi: kutengeneza filamu kulikuwa rahisi kidogo, lakini kuionyesha hadharani kulihitaji kibali. "Azimio" ilikamilika mwaka 1972, na kibali hakikupatikana. Ikakaa zaidi ya miaka 10 bila wananchi kuiona. Watu walioshinda katika mkutano hawakupewa nafasi ya kuutazama ushindi wao.

Hapa pana jambo la kuchekesha na la kusikitisha. Filamu haikuwa imemtukana mtu. Haikuwa na msemaji wa kuwaambia watazamaji nani mbaya nani mzuri. Ilichukua maneno ya viongozi kama walivyoyasema wenyewe kwa hiari yao. Maneno yale yale ambayo hawakuyaonea haya ofisini, yakawa ya hatari yalipowekwa mbele ya macho ya umma. Kama jambo ni halali ofisini na ni hatari likionekana, basi kasoro haiko katika kamera. Mwenye kovu asikasirikie kioo.

Bibi Ember hakuacha kazi hiyo. Miaka ya 1980 alitengeneza filamu nyingine iitwayo "Pócspetri", juu ya kijiji ambacho mwaka 1948 watu wake waliadhibiwa vikali baada ya polisi mmoja kufa wakati wa mzozo juu ya shule za kanisa kuchukuliwa na serikali. Aliwaendea wanavijiji waliokuwa wamenyamaza zaidi ya miaka 30, akawaacha waseme. Nayo ilizuiwa kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2007. Gazdag alikwenda baadaye kufundisha sinema Marekani.

MWISHO WA CHAMA KILE

Na Chama cha Hungaria kilipatwa na nini? Kilitawala miaka mingi, kikiwa na ofisi kila wilaya na mihuri kila meza. Mwezi wa Oktoba mwaka 1989 kilijivunja chenyewe. Mwaka 1990 uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika, na warithi wake wakashindwa vibaya. Sababu ni nyingi. Madeni yalikuwapo, na mabadiliko ya Urusi yalikuwapo. Lakini mimi nasema, na hii ni fikira yangu, kwamba sababu mojawapo iko ndani ya ukumbi wa Felcsút. Chama ambacho kwa miaka mingi kiliwaita watu wakubali tu, siku kilipohitaji watu wa kukitetea kilikuta ukumbi mtupu.

Wale wanaofuata habari za dunia huenda wamelisikia jina la Felcsút kwa sababu nyingine. Bwana Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1998 hadi 2002 na kurudi tena mwaka 2010, alikulia katika vijiji vya eneo lile. Mwaka 2014 kilifunguliwa hapo kiwanja kikubwa cha mpira chenye viti vingi kuliko wakazi wa kijiji. Kila utawala una namna yake ya kujionyesha kijijini. Lakini mimi nikilisikia jina hilo sikumbuki kiwanja. Nakumbuka wakulima waliokaa vitini mwao na kukataa.

SISI TUCHUKUE NINI?

Ndugu wanachama, sitaki mwondoke hapa mkisema tumesikia hadithi ya Ulaya. Nataka kila mmoja aondoke na mambo manne, nayo si mazito.

La kwanza: mwanachama asiingie mkutanoni kama mgeni wa harusi. Ajue ajenda kabla ya siku. Ajue hesabu za ushirika wake. Asiyejua hesabu hawezi kumtetea mwema wala kumshtaki mwovu. Kazi yake ni kuinua mkono wakati jirani anapoinua.

La pili: mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, wala asihukumiwe chumbani kisha akatangazwa ukumbini. Tuhuma isemwe mbele yake, na ajibu mbele ya watu.

La tatu: kura zihesabiwe mbele ya macho ya watu, na "hapana" iandikwe katika kitabu kwa wino ule ule wa "ndiyo". Katibu anayeandika kwamba wote wamekubali, hali aliona mikono iliyobaki chini, hakitumikii Chama. Anakidanganya.

La nne ni la viongozi, na nalisema kwa heshima. Msiogope mkutano unaokataa. Mkutano unaokataa bado unawaamini kiasi cha kuwaambia kweli usoni. Uogopeni mkutano unaokubali kila kitu, ukapiga makofi, kisha watu wakatoka nje wakacheka. Hapo mmekwisha kuachwa peke yenu, ila hamjaambiwa tu.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini hawakusema penye wengi walionyamazishwa. Wengi wanaosema ndio ngao yetu. Wengi walionyamaza ni umati tu, na umati hauna shukrani wala kumbukumbu.

Basi mkutano ujao wa tawi letu, Ndugu Mwenyekiti, utakapouliza kama kuna neno, tafadhali ngoja kidogo kabla ya kusema hakuna. Tazama pembeni mwa ukumbi, na nyuma kabisa karibu na mlango. Huenda yuko mzee mmoja ambaye ana neno, na anapima tu kama kweli unataka kulisikia.